Klachi Iliyolegea Kona ya Pujini

Mwanangu Riziki,

Amani ya Mola ikufunike popote utakapoifungua barua hii. Kama ni ndani ya meli, tafuta kwanza pahala penye upepo, kwa sababu ni ndefu na tumbo lako nalijua.

Sasa hivi nimetoka kusali alasiri. Weye umekwenda kuwaaga jamaa, na mama yako yuko uani anakufungia vitu. Habari za nguo, za chakula, za nani umwamkie na nani umkwepe, hizo ni zake, na najua keshakwambia mara tatu. Mie nimekaa kibarazani na daftari lako la zamani la skuli. Kuna jambo mdomo wangu umeshindwa kulitoa tangu ulipozaliwa, nikaona niujaribu mkono.

Siku uliyokuja na ile barua ya kazi, kwamba umechukuliwa Unguja kuendesha gari ya wagonjwa, nyumba nzima ilipiga vigelegele. Mie niliinuka nikaenda kukoga, na wewe uliniona. Ulikuwa ushaniuliza tangu una miaka kumi na mbili: baba ulikuwa dereva, mbona hushiki usukani hata ukiombwa kusogeza gari ya jirani? Nikakwambia macho. Macho yangu hayana kitu, mwanangu, mpaka leo natunga uzi sindanoni.

Wakati mama yako ana mimba yako, nilikuwa naendesha gari ya abiria kutoka Kengeja kwenda Chake. Lilikuwa lori dogo lililofungwa mabenchi pembeni na paa la mbao juu. Abiria wetu walikuwa watu wa muhogo na ndizi, na wa samaki siku za bamvua, bahari inapojaa na kukupwa sana. Utingo wangu alikuwa Shaame, kaka wa mama yako. Hukumdiriki. Alikuwa mtu mzima mwenye watoto wawili, mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunusa kila kitu kabla hajakishika. Siku mbili katika wiki tulikuwa tukiacha barabara kubwa na kuingia njia ya vumbi ya Pujini kuchukua watu, kisha tukitokea Chake.

Kwenye njia ile, ukishapita upande wa magofu ya kale, kuna mteremko mfupi, kona, halafu pahala tambarare kando ya bonde la mpunga. Pana miti mikubwa pande zote mbili. Hata saa sita ya mchana, jua la utosi, pale huingia kiza cha kijani, na ndege hawasikiki. Sikupata kulijali hilo mpaka klachi ilipoanza.

Ilianza hivi. Siku moja nashuka ule mteremko, nikakanyaga klachi nibadilishe gia, na pedeli ikashuka bila uzito wowote, kama mguu umekanyaga maji. Gia ikakataa. Nikakanyaga tena, ikakataa. Mara ya tatu pedeli ikapata nguvu, gia ikaingia, tukaenda. Kufika Chake iko sawasawa, na asubuhi ya pili ngumu kama mpya. Nikasahau.

Safari iliyofuata, kona ile ile. Na iliyofuata. Pahala pengine popote ilikuwa nzima. Siku nyingine ilikuwa ikishuka na kunata chini, hairudi, mpaka niichokoe na ncha ya kiatu, na inaporudi inapanda polepole. Nilihisi, na sioni haya kukwambia, kwamba kuna mguu mwingine chini ya wangu.

Abiria waliona kabla sijasema. Kulikuwa na bibi mmoja wa Kengeja, Bi Mize, mwuza ndizi, aliyekaa siku zote mwisho wa benchi, upande ninaouona kwenye kioo. Siku moja nilimwona, tunaingia kona, anavuta kanga usoni na kusogea. Aliyekuwa karibu naye akasogea pia. Wakaacha nafasi ya mtu mmoja pale penye kingo, na nafasi ile ikabaki tupu mpaka tulipofika barabara kubwa. Hakuna aliyemwuliza mwenziwe kitu. Safari ya pili yake wakafanya vile vile, benchi zima, kama watu wanaompisha mgeni.

Nilimwuliza Bi Mize tulipofika. Alinijibu kwa adabu kwamba pale pana wenyewe, na mimi napita kila wiki sipigi hodi. "Piga hodi, mwanangu," alinambia. "Neno moja tu halikupunguzii kitu."

Nikapiga. Safari iliyofuata, kabla ya mteremko, nilisema hodi kwa sauti ndogo mara tatu, na kila hodi moja nikakanyaga klachi. Sikuelewa kwa nini nilikanyaga. Mguu ulifuata mdomo. Klachi ikashika vizuri kabisa. Toka siku ile ndiyo ikawa ada yangu: hodi, hodi, hodi, na klachi inashika. Benchi nyuma linasogea, nafasi inabaki tupu, tunapita.

Riziki, wewe umesoma, na najua ushacheka moyoni. Ni kweli, ilikuwa ile mikanyago mitatu. Klachi iliyoingia upepo au iliyopungua oili hulegea, na ukiipampu mara mbili tatu hupata nguvu ya muda. Na ilikuwa ikitokea pale kwa sababu pale ndipo injini ilipokuwa ishachemka tangu Kengeja, na njia ile ya mashimo ilikuwa imenichosha mguu kwa kubadilisha gia. Hayo nayajua leo. Siku zile nilijua hodi tu. Na kuna raha fulani katika kuogopa kitu usichoweza kukifungua na spana, kwa sababu hakikudai kazi yoyote.

Shaame hakusogea na wenziwe. Alikuwa akisimama mlangoni nyuma, anaangalia chini. Wiki moja alikuja mbele tukipakia, akainama upande wangu, akagusa zulia lililokuwa chini ya pedeli, akanusa vidole. Akanambia zulia limerowa na si maji. Nikamjibu ni mafuta ya nazi ya abiria, au maji ya samaki.

"Abiria hakai hapa, shemegi," alisema.

Nikamwambia tutaangalia. Akanikumbusha siku ya pili, na siku ya tatu, kwa upole ule ule. Nilimkatalia kwa sababu ambayo sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Wakati wa mfungo uliotangulia, mchana mmoja, niliona kile kikombe kidogo cha oili ya klachi chini ya boneti kimepungua. Oili yake ni ile ya breki, na duka lilikuwa mbali, na nilikuwa na kiu. Pembeni nilikuwa na kopo la oili ya injini. Nikasema oili ni oili. Nikajaza, nikafunika, nikafuta mikono. Kwa hivyo Shaame alipokuwa ananusa vidole vyake, sehemu ya moyo wangu ilijua anachonusa. Ilikuwa nyepesi kwangu pale Pujini pawe na wenyewe.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano, mvua imekatika asubuhi. Tulishuka mteremko, nimeshapiga hodi zangu, klachi imeshika. Pale tambarare tukakuta tawi kubwa limeanguka njiani. Nikasimamisha. Shaame akashuka aliondoe.

Sasa sikiliza nilivyokaa, kwa sababu utakaa hivyo hivyo siku moja, na nyuma yako kuna mgonjwa na mbele yako kuna mtu. Gari ilikuwa kwenye gia ya kwanza. Ningeitoa, lakini gia ikishatoka ilikuwa taabu kuirudisha, kwa hivyo nilijizoeza kuiacha ndani na kushikilia klachi. Breki ya mkono ilikuwa imekufa zamani. Mguu wa kulia ulikuwa kwenye mafuta, kwa sababu injini ilikuwa ikizimika nikiuondoa. Pahala tambarare, nikaona breki ya nini. Mguu wa kushoto umekanyaga klachi mpaka chini kabisa.

Palikuwa kimya. Shaame alikuwa amenipa mgongo, ameinama, ameshika tawi kwa mikono miwili.

Na gari ikaondoka.

Mguu wangu haukuinuka, Riziki. Nimekula yamini mara nyingi peke yangu, na kwako naandika bila yamini: mguu haukuinuka. Pedeli ilikuwa imelala sakafuni na gari ikaanza kutembea yenyewe, polepole, halafu ikaruka. Nikaikandamiza zaidi, na hapakuwa na zaidi. Nilipokumbuka kwamba nina mguu wa pili na kuna breki, Shaame alikuwa keshaangushwa.

Tulimpakia sisi kwa sisi, tukamlaza katikati ya mabenchi, mtu mmoja akanisaidia kuipampu klachi kwa mkono mpaka ikapata nguvu. Tulipofika hospitali alikuwa na fahamu zake. Niliinama karibu yake.

"Ulikanyaga?" aliniuliza.

"Nilikanyaga."

"Mpaka chini?"

"Mpaka chini."

Akasema, "Basi," na akageuza uso. Alifariki siku ya pili kabla ya adhuhuri. Mama yako alikuwa na mimba ya miezi saba.

Kwenye matanga watu walikuja kunipa pole mimi kuliko wenye maiti. Walisema pahala pale pameshataka mtu, kama si yeye ingekuwa mwengine. Walisema nilikanyaga mpaka chini, na hilo lilikuwa kweli, na gari ikatembea yenyewe, na hilo pia lilikuwa kweli. Nikawaacha. Nilikaa mkekani na kila aliyekuja alinivika kipande cha ile hadithi mpaka ikanienea kama kanzu.

Baada ya arubaini nilimpelekea gari fundi mmoja mzee hapo Chake, Mzee Mbarouk. Aliifungua ile pampu ya klachi ya juu, iliyo nyuma ya pedeli, akatoa raba zake akaziweka kwenye kiganja. Zilikuwa zimevimba, laini, zinabonyea kama zabibu iliyorowekwa. Akanielekeza taratibu. Raba hizi huishi na oili ya breki tu. Zikila oili ya injini huvimba, na zikivimba pedeli hunata chini. Baadaye hulainika, zikaanza kupitisha oili kidogo kidogo. Ukikanyaga ukaachia hutaona kitu. Ila ukikanyaga ukashikilia, oili inarudi kwa ndani, na klachi inajishika polepole hali mguu wako umelala pale pale sakafuni. Inayobaki hutoka nje ikarowesha zulia.

"Nani kaitia oili hii?" aliniuliza.

Nikamwambia sijui.

Alifuta vidole vyake kimoja kimoja. Kisha akasema, "Basi itakuwa jini siku hizi linajaza na oili." Hakucheka. Akaweka raba mpya, akajaza oili inayofaa, akanikalisha kwenye kiti, akaingia chini ya gari. Akanambia nikanyage nishikilie, analegeza, anakaza, naachia, tena na tena mpaka upepo wote ukatoka na pedeli ikawa na nguvu toka juu. Kila aliposema "shikilia" nilikuwa nashika usukani kwa mikono miwili, kwa sababu kulikuwa na mtu chini ya gari yangu na nguvu zote zilikuwa kwenye mguu wangu.

Hapo ningeweza kuishia. Lingekuwa somo safi: angalia oili, usiseme jini. Lakini nimejiahidi kukuandikia yote.

Safari ya kwanza baada ya matengenezo nilikwenda na utingo mwengine. Klachi ilikuwa nzuri kuliko nilivyopata kuijua. Nilipofika Pujini nikaazimia sipigi hodi, sipampu, napita kama mtu anayejua anachoendesha. Nikaingia mteremko, nikakanyaga mara moja, gia ikaingia laini. Moyo ukanitua. Nikatazama kioo.

Bi Mize alivuta kanga usoni akasogea. Benchi likasogea naye. Nafasi ya mtu mmoja.

Halafu akasogea tena. Wote wakasogea tena, wamebanana mpaka wa mwisho amekaa nusu nje. Sasa ilikuwa nafasi ya watu wawili.

Bi Mize alinitazama kwenye kioo, macho tu juu ya kanga, hayana ubaya wowote, kama mtu anayekuonesha kwamba ameshampatia jamaa yako pahala pa kukaa. Nikahisi pedeli, mguu wangu ungali juu yake haujakanyaga, inashuka. Ilishuka mbele ya mguu. Ikafika chini, ikakaa kiasi cha mtu kuvuta pumzi moja, ikarudi juu.

Nilisimamisha gari kwa breki, nikazima, nikashuka. Nikafungua boneti. Kikombe kimejaa mpaka alama. Nikapapasa zulia, kavu. Nikaingia chini, pampu ya chini kavu, bomba kavu. Nikabonyeza pedeli kwa mkono: ngumu, nzima. Muda wote huo ule uwazi wa watu wawili ulibaki kwenye benchi, hakuna aliyeusogelea, ingawa waliobanana walikuwa wanatoka jasho.

Nikawafikisha Chake, nikamrudishia mwenye gari funguo. Ndiyo mwisho wangu wa kuendesha. Tukahamia huku Jadida ukiwa mchanga, nikaanza kulima na kukarabati mashine za kukoboa mpunga.

Nilimweleza Mzee Mbarouk habari ya pedeli ile. Alisema mguu wa mtu aliyeua hauaminiki, hukanyaga bila kumwambia mwenyewe. Huenda. Siku nyingine naamini hivyo. Mchana nikiwa peke yangu kondeni, upepo ukikatika na ndege wakanyamaza, siamini.

Ninachokutaka ukijue ni kwamba mambo haya mawili yalikuwa mawili. Lile la kwanza lilikuwa na zulia lililorowa, na mtu aliyenusa vidole akanambia mara tatu. Nililifunika kwa la pili kabla hata la pili halijatokea. Sasa watu watakwambia gari yako ina mkosi, au barabara fulani ina wenyewe, na wengine watakuwa wazee unaowaheshimu. Waitikie kwa adabu, piga hodi ukitaka, mie sikukatazi. Ila boneti uwe umeshaifungua. Klachi ikilegea, itazame siku hiyo hiyo. Doa la oili likiwa ndani chini ya miguu, ni pampu ya juu. Likiwa nje chini ya gia, ni ya chini. Ukiona oili imepungua, ujue imekwenda mahali. Na akiwepo mtu mbele ya gari yako, toa gia, hata kama kuirudisha ni taabu, hata kama mgonjwa nyuma analia, na mguu uwe kwenye breki. Usiiache roho ya mtu ishikiliwe na raba.

Na ukikosea, ukiulizwa nani, useme mimi. Nimeishi miaka ishirini na mbili na lile "sijui". Ni neno jepesi mdomoni, lakini utalitafuna lisiishe.

Juzi asubuhi nilimwambia mama yako. Tulikuwa tumekaa ukumbini tunachambua karafuu, nikaona siwezi kukwambia wewe kabla yake, maana alikuwa ni kaka yake. Nilimweleza kopo la oili, zulia, gia, yote. Hakuacha kuchambua. Nilipomaliza, aliumaliza ungo kwanza, ndipo akasema, "Shaame alikuja kula kwangu wiki ile ile. Kanambia mwambie mumeo gari inavuja, mie hanisikii."

Nikamwuliza kwa nini hakunambia.

"Niliogopa," alisema. "Nikisikia mnavyosema kuhusu lile pahala, nikaona ukiifungua utawachokoza wenyewe wa pale. Na mie nina mtoto tumboni."

Tukaanza ungo mwengine. Miaka yote ile tumelala kitanda kimoja, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake anayeficha.

Sasa hivi amekuja hapa kibarazani, amemaliza kufunga. Ameniuliza naandika nini nikamwambia. Nilidhani atanizuia. Amekaa ubavuni pangu, amesoma polepole kwa kidole mpaka hapa, akaniomba kalamu, akaishika juu ya karatasi, kisha akanirudishia. Amesema nikuandikie na lake, lisije likakufikia kwa mtu mwengine: kwamba naye aliambiwa, na naye alinyamaza.

Nimeliandika.

Sisi wazazi wako,
Kombo na Mwanaidi